Kodi, Likizo na Malezi: Mizizi ya Usawa wa Kijinsia katika Nchi za Nordiki

Nchi za Nordiki, yaani Uswidi, Norwei, Denmark, Ufini na Iceland, husifiwa kwa kuongoza duniani katika usawa wa kijinsia, na wengi huueleza uongozi huo kwa hulka ya watu wake, ilhali historia inaonyesha kwamba usawa huo ulidaiwa, ukatungiwa sheria, na sheria zilizozaa matunda zaidi ni zile zilizogusa mfuko wa familia na malezi ya watoto.

Haki za kisiasa zilitangulia. Ufini iliwapa wanawake haki ya kupiga na kupigiwa kura mwaka 1906, na mwaka uliofuata wanawake 19 wakaingia katika bunge la viti 200. Kura, hata hivyo, haikubadilisha mgawanyo wa kazi za nyumbani, na hadi miaka ya 1960, viwanda vya Uswidi vilipopungukiwa na wafanyakazi, wake wengi nchini humo walikuwa bado mama wa nyumbani. Mojawapo ya sababu ilikuwa kodi ya pamoja, ambayo ilijumlisha mapato ya mume na mke, hivyo mshahara wa mke ukatozwa kwa kiwango cha juu kana kwamba ni nyongeza tu ya mshahara wa mumewe. Mwaka 1971 Uswidi ilianza kumtoza kila mtu kivyake, na vituo vya kulelea watoto vikapanuliwa ili mzazi anayekwenda kazini apate pa kumwacha mtoto.

Mwaka 1974, nchini Uswidi, likizo ya uzazi ya mama iligeuzwa kuwa likizo ya wazazi, ambayo baba na mama wangeweza kugawana, lakini akina baba walioichukua walikuwa wachache mno. Ndipo likabuniwa fungu la baba, yaani siku ambazo familia huzipoteza baba asipozitumia. Norwei ilianza na wiki nne mwaka 1993, na Uswidi ikafuata kwa mwezi mmoja mwaka 1995. Leo wazazi wa Uswidi hupata siku 480 kwa kila mtoto, na kila mmoja ana siku 90 asizoweza kumpa mwenzake.

Shinikizo la wanawake wenyewe halikukosekana. Tarehe 24 Oktoba 1975, takriban asilimia 90 ya wanawake wa Iceland waligoma kufanya kazi za ajira na za nyumbani. Mwaka uliofuata sheria ya usawa ikapitishwa, na mwaka 1980 mwanamke, Vigdís Finnbogadóttir, akachaguliwa kuwa rais wa nchi hiyo.

Mafanikio hayo yana mipaka, kwa kuwa wanawake wa huko bado wamejazana katika kazi za uuguzi, malezi na ualimu, ilhali ukatili wa majumbani haujakoma.

Kwa Afrika Mashariki, funzo kubwa halimo katika hesabu ya viti, kwani wanawake wa Rwanda ni wengi bungeni tangu mwaka 2008. Limo katika swali la nani analipia malezi. Nchini Kenya likizo ya uzazi hulipwa na mwajiri, ambaye kwa hiyo ana sababu ya kusita kumwajiri mwanamke, wakati Uswidi gharama hiyo hubebwa na bima ya taifa. Muuza samaki sokoni hana mwajiri wa kumpa likizo. Mfuko wa bima kama huo wa Uswidi, ukiundwa ili umfikie, ungemfaa kuliko sheria ya ajira isiyomhusu.