Vipimo vya Vinasaba na Homa Kali ya Dengue

Hutokea ndugu wawili wa nyumba moja wakaugua dengue msimu mmoja: mmoja akapona kwa kupumzika na kunywa maji mengi, mwingine akalazwa akiwa mahututi. Wazazi huuliza kama tofauti hiyo imo katika damu ya ukoo. Ni swali la haki, na siku hizi lina bei, kwa kuwa zipo kampuni zinazouza vipimo vya vinasaba kupitia intaneti: mteja hutema mate katika kichupa, hukituma, kisha huletewa taarifa ya maradhi yanayoweza kumpata. Kabla mlaji hajatoa fedha zake kwa ajili ya dengue, tunaona ni vema ajue sayansi imefika wapi.

Utafiti mmoja mkubwa ulifanyika Vietnam na kuchapishwa mwaka 2011. Watafiti walilinganisha vinasaba vya watoto 2,008 waliopatwa na mshtuko wa dengue, yaani hali ambayo majimaji ya damu huvuja kutoka mishipani na shinikizo la damu hushuka, na vya wengine 2,018 wa kulinganishia. Tofauti zilionekana katika jeni mbili: MICB, ambayo husaidia kinga ya mwili kuitambua seli iliyoingiliwa na kirusi, na PLCE1. Matokeo hayo hatuyabezi. Hata hivyo, kwa MICB ongezeko la hatari lilikuwa takriban theluthi moja tu. Tuseme, kwa mfano, kati ya wagonjwa 300 wa dengue watatu hupatwa na mshtuko. Miongoni mwa 300 wenye tofauti hiyo wangekuwa wanne. Wale 296 waliosalia wangekuwa wamelipia hofu. Kibaya zaidi ni mtu kuambiwa kuwa jeni zake ni salama, naye akachelewa kwenda hospitali.

Lipo jambo lenye uzito zaidi, nalo halihitaji kichupa. Virusi vya dengue ni vya aina nne. Aliyeugua aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, si dhidi ya tatu zilizobaki. Na akiambukizwa baadaye aina nyingine, kingamwili za awali zaweza kukisaidia kirusi kipya kuingia katika seli. Kwa hiyo mkazi wa Dar es Salaam aliyeugua katika mlipuko wa 2014 au wa 2019 asidhani amemalizana na dengue. Amweleze daktari kuwa aliwahi kuugua. Habari hiyo itamfaa kuliko taarifa ya mate.

Anayeamua kununua kipimo hata hivyo, amuulize muuzaji sampuli itahifadhiwa wapi, nani ataiona na itateketezwa lini, kwani vinasaba hubeba siri za ukoo mzima. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009.

Dalili za hatari mara nyingi hujitokeza homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati jamaa wameanza kushukuru: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutokwa damu puani au kwenye fizi, uchovu mwingi au kutotulia. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali mara moja. Kwa homa na maumivu apewe parasetamoli kwa kiasi alichoelekezwa. Aspirini na ibuprofeni asipewe, kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa damu.