Songwe, Mpaka Usiotulia

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890 uliufanya mto Songwe kuwa mpaka, na leo ndio unaoitenga Tanzania na Malawi. Kwenye ramani mpaka huo umetulia. Kwenye tambarare za Kyela na Karonga, mto wenyewe huhama.

Usichanganywe na jina. Mbeya imekaa pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, ndiyo maana maji ya nyanda hizi hugawanyika pande tatu. Songwe mmoja hupita magharibi mwa jiji na kuishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Maji ya Usangu hufuata Ruaha Mkuu, hupita Iringa na kuingia Rufiji. Songwe wa mpakani huteremka kati ya Ileje na Chitipa, safari ya karibu kilomita 200, hadi Ziwa Nyasa.

Milimani mto hauna pa kuhamia. Umebanwa na miamba, mteremko ni mkali, na maji yana nguvu ya kubeba tope, mchanga, hata mawe. Ukifika tambarare, kasi hupungua na mzigo huo hutuliwa njiani. Penye kona, maji ya upande wa nje hukimbia zaidi na kula ukingo. Ya upande wa ndani hupoa na kuacha mchanga. Kona huzidi kupinda mwaka hadi mwaka, mpaka siku mafuriko ya masika, na masika ya Kyela si mvua ya mchezo, yanapoikata na kunyoosha njia. Kona ya zamani hubaki kidimbwi chenye umbo la mwezi mwandamo. Shamba la mpunga lililokuwa kaskazini mwa mto sasa liko kusini, na mwenyewe hajui tena ni serikali ipi imsikilize.

Mwaka 2017 nchi hizi mbili zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe, yenye makao Kyela. Mipango yake ina bwawa la kupunguza mafuriko na kuzalisha umeme. Ni hatua njema, lakini tope linaloujaza mto huku chini hutoka kwenye miteremko iliyolimwa bila makingamaji. Mpaka huu unalindwa kwanza huko juu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ndugu mkulima wa Ileje na Kyela, ziachie mita hizo miti na matete.