Ukihamia Uingereza na watoto: shule ni bure, malezi ni ghali

Tangu Kenya na Uingereza zitie saini mkataba wa ajira ya wahudumu wa afya mwezi Julai 2021, wauguzi wanaotaka kwenda huko huuliza kwanza kuhusu mshahara na viza. Swali la watoto huachwa hadi mwisho, ilhali ndilo linalowasumbua wengi wakishafika. Maelezo haya yanahusu England pekee. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

Muuguzi mwenye viza ya wahudumu wa afya anaweza kuandamana na watoto wake. Wanaoajiriwa kutunza wazee hawajaruhusiwa kwenda na familia tangu Machi 11, 2024. Wakala akikuahidi vinginevyo, usimpe hata shilingi.

Shule za serikali hazitozi karo. Nafasi huombwa kupitia kaunsili ya eneo unaloishi, na mwaka wa masomo huanza Septemba. Darasa hupangwa kwa umri wa mtoto kufikia Agosti 31, si kwa gredi aliyoachia huku. Aliyetimiza miaka 11 kufikia siku hiyo huingia sekondari, hata kama huku alikuwa Gredi ya 5.

Wa kufikiriwa zaidi ni kijana wa miaka 15. Mtihani wa GCSE hufanywa katika mwaka wa masomo ambao mwanafunzi anatimiza miaka 16, baada ya maandalizi ya takriban miaka miwili. Akifika katikati, atawakuta wenzake wamekwenda mbali. Piga hesabu ya tarehe kabla ya kukata tiketi.

Jambo lingine: mzazi anayemtoa mtoto shuleni muhula ukiendelea, bila ruhusa, ili waje nyumbani Krismasi mapema, anaweza kutozwa faini ya pauni 80 kwa kila mtoto.

Malezi ndiyo magumu. Huku ukiwa zamu ya usiku kuna yaya, nyanya au jirani. Kule, anayelipwa kulea mtoto wa chini ya miaka 8 nyumbani kwake kwa zaidi ya saa 2 kwa siku lazima asajiliwe rasmi, kwa kawaida na idara ya ukaguzi iitwayo Ofsted. Watoto wa miaka 3 na 4 hupata saa 15 za chekechea kwa wiki bila malipo, kwa wiki 38 za mwaka. Saa 30 wanazopewa wazazi walio kazini huwa haziwafikii wenye viza isiyoruhusu misaada ya umma, na viza ya wahudumu wa afya ni mojawapo. Na chekechea hufungwa jioni.

Kumwachia kifungua mimba wadogo zake usiku kucha kunaweza kukufikisha mahakamani. Sheria haitaji umri, lakini kumwacha mtoto katika hatari ni kosa. Basi muulize mwajiri kuhusu zamu kabla ya kutia saini. Wenzi wengi hupokezana, mmoja mchana, mwingine usiku.

Beba cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule na kijitabu cha kliniki chenye rekodi ya chanjo. Kikiwa kimepotea, nenda mapema kwenye kituo cha afya alikochanjwa mtoto, uombe rekodi yake itafutwe.