Je, Wajua Kazi ya Nyuzi Sauti?

Mtu anayekumbukwa kwa kuziona nyuzi sauti zikifanya kazi kooni mwa mtu aliye hai hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa uimbaji, Manuel García, Mhispania aliyefundisha Paris na London. Mwaka 1854 alijiingiza kooni kioo kidogo chenye mpini mrefu, akakimulika kwa mwanga wa jua uliorudishwa na kioo cha pili, kisha akatoa sauti.

Aliona mikunjo miwili laini ndani ya zoloto, ikifunga na kufunguka. Kwa wanawake ina urefu wa milimita 12 hadi 17 hivi. Kwa wanaume, 17 hadi 25. Pumzi ikipanda kutoka mapafuni huiachanisha, nayo hurudiana papo hapo, kama mdomo wa puto unaolia hewa ikitoka. Mwimbaji wa sauti ya kwanza akishika noti A ya kulinganishia vyombo, mikunjo hiyo hukutana mara 440 kwa sekunde. Akiishika kwa sekunde 10, ni mara 4,400. Ndiyo maana huniuma kusikia kwaya ikihimizwa ipige kelele. Nyuzi zinataka pumzi iliyopimwa, si koo lililokazwa.

Tena ukubwa wa sauti hauko pale peke yake. Mlio wa nyuzi wenyewe ni hafifu; koo, kinywa, ulimi na midomo ndivyo vinavyoukuza na kuupa rangi, na humo ndimo huzuni au furaha ya wimbo hupita. Katika miaka ya 1970, Johan Sundberg wa Stockholm, Uswidi, alieleza jinsi waimbaji wa opera wanavyosikika juu ya okestra nzima bila kipaza sauti. Huteremsha zoloto na kupanua koo, hata nguvu ya sauti ikakusanyika karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra haina nguvu nyingi.

Wengi hunywa mayai mabichi, asali au tangawizi ili kulainisha nyuzi. Hakuna tone linalozifikia: tukimeza, kidakatonge hufunika njia ya hewa, na kikipenya kitu tunapaliwa. Maji husaidia kwa kupitia mwilini, basi yanywe mapema, si dakika ya kupanda jukwaani. Mvuke ndio unaozigusa moja kwa moja. Moshi wa sigara, kukwangua koo kila mara na kushindana na spika huzivimbisha. Mambo hayo yakizidi huota vinundu, nyuzi hazikutani sawasawa, na sauti hukwaruza.

Mwaka 1841 Jenny Lind, mwimbaji kijana wa Uswidi, alimfuata García huko Paris sauti ikiwa imechakaa. García alikataa kumfundisha mpaka anyamaze kwanza kwa wiki kadhaa. Alitii, akafundishwa, na miaka 9 baadaye alikuwa akijaza kumbi za Marekani.

Viongozi wa kwaya na bendi, wapeni waimbaji wenu nafasi ya kupasha sauti taratibu, hata kwa kuvumisha noti ndani ya mrija mwembamba, na siku ya kupumzika baada ya tamasha. Nawe mwimbaji, sauti ikikauka zaidi ya wiki 3, usiifunike kwa dawa za kumung'unya. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie.