Daraja la Mtwapa Lilipofungwa: Hesabu za Nyumba ya Takaungu

Saa moja jioni tarehe 8 Aprili 2020, Kilifi ilifungwa kwa sababu ya korona. Siku mbili kabla yake Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza kwamba hakuna atakayeingia wala kutoka katika kaunti za Kilifi, Kwale na Mombasa, na kwa mtu wa Takaungu tangazo hilo lilikuwa na maana moja: daraja la Mtwapa halipitiki. Malori ya vyakula yaliruhusiwa, abiria hawakuruhusiwa. Zuio lililotajwa kuwa la siku 21 likaongezwa, na Kilifi na Kwale hazikufunguliwa mpaka tarehe 7 Juni. Mombasa ilibaki imefungwa mwezi mmoja zaidi, kwa hivyo hata Kilifi ilipoachiwa, njia ya kwenda soko la Kongowea ilikuwa bado haijafunguka.

Sisi tulio ng'ambo tuliijua miezi ile kwa simu. Nyumbani waliomba, tukatuma. Wakaomba tena, tukatuma. Zuio likaondolewa, na maombi hayakukoma. Hapo ndipo baadhi yetu, Maskati, Jeddah na hata London, tulipoanza kunung'unika kwamba watu wa nyumbani wamezoea kupewa. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya manung'uniko hayo, kwa sababu jibu lake limo katika namna pesa inavyozunguka mjini Takaungu, na mtu akiishi mbali miaka mingi huisahau.

Takaungu ni mji mkongwe wa Waswahili, kilomita kama 10 kusini mwa mji wa Kilifi, uliowapokea Wamazrui baada ya Seyyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837. Wenye kupokea mshahara wa mwisho wa mwezi ni wachache. Mvuvi akirudi na ngalawa au mtumbwi, mapato hugawanywa kwa mafungu: la chombo, la nyavu, na ya mabaharia. Samaki wakubwa huchukuliwa na tajiri, yule mnunuzi mwenye friza na barafu, ambaye huwapeleka Mombasa au kwenye mahoteli ya Kilifi, Watamu na Malindi. Wadogo hununuliwa na mama karanga, ambaye huwakaanga na kuwauza mtaani. Mara nyingi tajiri ndiye aliyemkopesha mvuvi nyavu au mashine, na mvuvi hulipa kwa kumuuzia yeye tu. Mama karanga huchukua samaki asubuhi na kulipa akishauza. Wote hao hula kutoka duka moja, na mwenye duka huandika kwenye daftari na kungoja.

Mji kama huu hauendeshwi na akiba. Unaendeshwa na imani kwamba kesho pesa itapita, na kila mmoja anamdai mwenzake kidogo. Siku za kawaida mpango huu ni mzuri kuliko benki, kwa kuwa hauna riba wala fomu, na mtu akiuguliwa husubiriwa. Udhaifu wake ni mmoja: pesa yote mpya huingia kutoka nje ya mji. Huja na mtalii, na soko la Mombasa, na kijana afanyaye kazi hotelini Watamu, na sisi.

Milango hiyo karibu yote ilifungwa kwa muda mfupi, na wa watalii ulitangulia. Italia, ambayo watu wake ndio wateja wa Malindi na Watamu kwa miaka na miaka, ilijifungia tarehe 9 Machi. Kenya ikasimamisha ndege za kimataifa tarehe 25 Machi, na hazikurudi mpaka tarehe 1 Agosti. Mahoteli yakawapa wafanyakazi likizo bila malipo. Mwaka 2019 Kenya ilipokea wageni zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika laki 6. Tajiri aliyezoea kupeleka kamba, pweza na nguru hotelini akabaki na friza iliyojaa. Hakuna aliyemkataza mvuvi kuvua, lakini samaki asiye na mnunuzi hushuka bei mpaka mafuta ya mashine yanamshinda thamani.

Kisha kafyu. Kuanzia tarehe 27 Machi watu walitakiwa kuwa majumbani saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mvuvi wa usiku alikuwa na hiari mbili: atoke kabla ya giza asirudi mpaka alfajiri, au alale. Aliyeumia zaidi, kwa maoni yangu, ni mwanamke mwenye karai. Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwishoni mwa Aprili, na mwezi huo ni sawa na mwaka mzima kwa anayeuza viazi karai, kaimati, sambusa na bajia. Biashara hiyo hupamba moto baada ya alasiri na huendelea baada ya tarawehe, watu wanapotoka misikitini wakitafuta cha kutafuna. Misikiti ilikuwa imefungwa, tarawehe zilisaliwa nyumbani, na adhana ya magharibi ilipolia kafyu ilikuwa imekaribia mno. Ikaja Idd tarehe 24 Mei, na baada ya Idd, msimu wa harusi, zisiwepo harusi. Wapishi wa pilau, wapaka hina na piko, wapambaji, waimbaji: kazi za wote hao zilisimama, na kazi hizo kwa kawaida ndizo zinazolipa karo.

Majira nayo yalikuwa mabaya. Kaskazi, kuanzia kama Novemba hadi Machi, bahari hutulia na samaki hupatikana. Kusi huanza Aprili, bahari huchafuka, mvua za masika hunyesha, na chombo kidogo hushindwa kutoka nje ya miamba. Mwaka wowote ule, Aprili na Mei nyumba ya mvuvi huishi kwa kukopa ikitegemea kulipa kaskazi ikirudi. Kwa maneno mengine, zuio lilizikuta nyumba zikiwa tayari zimeanza kukopa.

Serikali haikukaa kimya. Tarehe 25 Machi ilitangaza kwamba mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi asikatwe kodi, na ushuru wa VAT ukashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Lakini asiye na karatasi ya mshahara hana kodi ya kusamehewa, na unga wa mahindi haukuwa ukilipiwa VAT tangu hapo. Kilichofika kwa kina mama ni kile kilichopitia simu: tangu katikati ya Machi, kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulikuwa bure, na utaratibu huo ukaendelea mpaka mwisho wa mwaka. Wazee wa miaka 70 na zaidi walikuwa na shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii. Nyumba nyingi zilishukuru kuwa na bibi.

Sasa tufanye hesabu. Ni ya mfano tu, nambari nimezichagua ziwe rahisi kufuata. Tuseme nyumba inatumia shilingi 600 kwa siku kwa unga, sukari, mafuta, makaa, maji na kitoweo. Siku za kawaida inaingiza 700, yaani inabakiwa na 100. Zuio likashusha mapato hadi 350. Pengo ni 250 kila siku, na linajazwa na daftari la dukani. Baada ya siku 60 nyumba inadaiwa 15,000.

Siku ya kufunguliwa, tufanye mapato yamerudi yote kama zamani, shilingi 700. Ziada ni ileile 100, kwa hivyo deni la siku 60 litalipwa kwa siku 150, na hapo pawe hapana mgonjwa, hapana msiba, hapana kiatu cha shule. Lakini mapato hayakurudi yote. Mahoteli yalikuwa bado matupu, matatu ya viti 14 ilibeba abiria 8, kwa hivyo safari ya shilingi 100 ilihitaji kuwa 175 ili mwenye gari apate kile alichokuwa akipata. Tuseme basi ziada ni 50. Siku zinazohitajika ni 300. Hesabu kutoka tarehe 7 Juni 2020, utafika tarehe 3 Aprili 2021.

Tarehe hiyo ilikuwa mkesha wa Pasaka. Wiki moja kabla, tarehe 26 Machi 2021, serikali ilikuwa imezifunga Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Kilifi haikuguswa na amri ile, lakini wageni wa Pasaka wa Kilifi, Watamu na Malindi hutoka hukohuko bara, na walikuwa wamekwisha kurudi kuwa tegemeo la mahoteli wakati Wazungu hawaji. Nyumba yetu ya mfano ingekuwa inafuta mstari wa mwisho wa daftari siku ambayo mstari mpya unaanza. Kafyu yenyewe, ijapokuwa saa zake zilisogezwa mbele, haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021.

Kwa hivyo ndugu aliyeomba pesa Septemba 2020 hakuwa akila Septemba. Alikuwa akilipa Aprili. Na mwenye duka naye anadaiwa na muuzaji wa jumla. Asipolipwa rafu zinabaki tupu, na mtaa mzima unakosa mahali pa kukopa. Wengi wetu hatukuliona hilo kwa kuwa pesa iliyolipa deni haionekani: haikuezeka paa, haikununua mbuzi, haikubadilisha chochote kinachoweza kupigwa picha na kutumwa.

Haki iko upande wetu pia. Mkoa wa Maskati ulifungwa kuanzia tarehe 10 Aprili hadi 29 Mei 2020, karibu siku zilezile za Kilifi. Makka na Madina ziliwekewa kafyu ya saa 24 mapema Aprili. Uingereza ilimlipa mwajiriwa aliyesimamishwa asilimia 80 ya mshahara, hadi pauni 2,500 kwa mwezi, lakini mfanyakazi wa nyumbani katika nchi za Ghuba hakuwa na kinga ya namna hiyo; mwajiri akikwama, mshahara wake ulikwama, na ndege ya kumrudisha haikuwepo.

Pamoja na hayo, pesa zilifika. Benki ya Dunia ilitabiri mwezi wa Aprili kwamba fedha zinazotumwa nyumbani duniani zitapungua kwa asilimia kama 20. Kenya ilipata kinyume: Benki Kuu iliandika dola bilioni 3.09 kwa mwaka 2020, kutoka bilioni 2.8 mwaka uliotangulia. Sehemu ya ongezeko hilo huenda ni bahasha zetu za zamani, zile tulizompa msafiri azipeleke mkononi. Ndege ziliposimama zikalazimika kupitia njia zinazohesabiwa. Sehemu nyingine ni watu waliotuma walichokuwa wamekiweka kwa ajili ya kiwanja au hija.

Mzigo wa mwisho ulikuwa karo. Shule zilizofungwa katikati ya Machi 2020 zilifunguliwa kwa wanafunzi wote tarehe 4 Januari 2021, na ili kufidia muda mihula ikafupishwa, hivyo karo zikafuatana karibukaribu. Michezo ya kina mama, yaani kuchangiana pesa kwa zamu, ambayo kwa kawaida ndiyo ya kukimbilia, ilikuwa imesimama: anayetoa kwa wiki akikosa wiki tatu, zamu ya mwenzake haijai.

Dhiki kama ile ikitokea tena, na kusi hutokea kila mwaka hata bila maradhi, swali la kuuliza nyumbani si "mnahitaji ngapi?" Uliza dukani wanadaiwa ngapi, na tajiri anadai ngapi. Shilingi 5,000 ikipelekwa moja kwa moja kwa mwenye duka mwezi wa Aprili hufungua mkopo wa miezi miwili inayofuata. Ikifika Desemba, wakati wa kaskazi, inakuta ngalawa zimejaa na watu wana cha kuuza. Kubadilisha mwezi wa kutuma hakutugharimu chochote.