Masisi na Walikale: Namna mwangwi unaonyesha ugonjwa wa kable ya redio

Redio ikinyamaza ghafla kwenye milima ya Masisi ao ndani ya pori ya Walikale, watu hawakosi muziki tu. Wanakosa habari ya barabara, ya chanjo, ya ndugu waliohama. Kumbe mara nyingine mutambo wa kurusha matangazo ni muzima. Mugonjwa ni kable inayopanda kwenye antene. Utajuaje pa kukata?

Ukiita mbele ya kilima, sauti inarudi. Kable nayo ni vile. Fundi anatuma ndani pigo fupi la umeme, halafu anangojea mwangwi.

Kila kable ina impedansi yake, inayohesabiwa kwa omu. Mitambo ya FM na antene zake karibu zote ni za omu 50. Kable ya televisheni, ile ya bei ndogo sokoni, ni ya omu 75. Ukiziunga pamoja, pale kwenye kiungo wati 4 juu ya kila 100 zinarudi nyuma. Umeme ukirudi mwingi unachemusha mutambo. Mitambo mingi ya leo inajipunguza nguvu yenyewe isiungue. Ndiyo maana kijiji cha mbali kinabaki kusikia makelele tu.

Ndani ya kable nyingi za redio, pigo linakimbia mita 200 hivi kwa mikrosekunde moja, ni kusema sekunde iliyogawanywa mara milioni. Mwangwi ukirudi baada ya mikrosekunde 0,2, umetembea mita 40, kwenda na kurudi. Basi shida iko kwenye mita 20. Mwangwi ukisimama juu, kable imekatika. Ukipinduka chini, waya ya ndani inagusa ya inje, ao maji yameingia kwenye kiungo.

Na kama hujui kable ni ya omu ngapi? Funga kwenye mwisho wake rezistansi ya kuzungusha, uizungushe polepole mpaka mwangwi upotee. Halafu pima ile rezistansi: ikisoma 75, umeuziwa kable ya televisheni.

Kabla ya kupima, zima mutambo na uchomoe kable. Usipime wakati wa mvua: mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi zaidi. Kable ikiwa mupya, pima na uchunge mchoro wake. Kisha radi kupiga, pima tena na ulinganishe. Hapo utakata mita moja, badala ya kununua kable nzima.