Seva ikigoma kuwaka baada ya kubadilishiwa diski, si lazima data iwe imepotea

CHUKULIA zahanati ndogo ya kibinafsi katika mtaa wa West Indies, jijini Eldoret. Seva yake ina diski mbili pacha zilizotumika kwa miaka mingi, na wakati wa kuzibadilisha umewadia. Ijumaa usiku fundi anachomoa diski ya kwanza, anatia mpya na kuiacha seva inakili data. Jumamosi jioni anachomoa ya pili na kutia mpya nyingine.

Anabonyeza kitufe cha kuwasha. Feni zinavuma, taa zinamulika, kisha skrini inabaki nyeusi ikiwa na mstari mmoja wa maandishi: hakuna kifaa cha kuwashia kilichopatikana.

Jumatatu asubuhi kina mama watafika na watoto wao, wagonjwa wa kisukari watakuja kuchukua dawa, na daktari hatakuwa na historia ya hata mmoja wao.

Zahanati hii ni ya mfano tu, ila mkasa wenyewe ni wa kawaida mno katika shule, vyama vya ushirika, maduka ya jumla na ofisi nyinginezo. Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba katika hali kama hii, mara nyingi data ingali salama. Seva haijapoteza rekodi. Imepoteza njia ya kuzifikia. Hasara halisi hutokea baadaye, pale mtu aliyejawa na hofu anapobonyeza "ndiyo" kwa swali asilolielewa.

Eldoret na viunga vyake si wageni wa rekodi za kompyuta. Mwaka wa 2001, mfumo wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa kwa tarakilishi ulianzishwa katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Tajriba hiyo ilichangia kuzaliwa kwa programu ya OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka wa 2006 chini ya mpango wa AMPATH wa kuwahudumia wagonjwa wa Ukimwi, na ambayo baadaye ilienea katika mataifa mengi.

Faida za mfumo wa aina hiyo ni nyingi, lakini una udhaifu wake. Daftari likilowa maji, huharibika kurasa kadhaa. Seva ikigoma, kurasa zote hufungika kwa pamoja.

Ili kuelewa kinachoisibu seva, ni sharti kwanza kujua jinsi inavyoamka. Haiamki kwa hatua moja. Kwanza, programu ndogo iliyo kwenye ubao mama, iitwayo BIOS au mrithi wake UEFI, hukagua kumbukumbu na vifaa vilivyounganishwa. Pili, hutafuta diski iliyoagizwa kuanza nayo. Tatu, husoma kutoka kwa diski hiyo programu fupi ya kianzio. Nne, kianzio hicho hupakia mfumo endeshi, uwe Linux au Windows. Tano, mfumo endeshi hutafuta sehemu zenye data na kuzifungua.

Kazi ya fundi basi ni kutambua mnyororo huo umekatikia wapi. Lakini kabla ya hayo yote, anapaswa kuzima mashine, kuandika nambari kwenye kila diski, mpya na kuukuu, kulingana na nafasi ilikotoka, na kuziweka zile kuukuu mahali salama. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Diski kuukuu iliyochomolewa ikiwa nzima ndiyo mbacha wenyewe.

Iwapo seva haionyeshi chochote kwenye skrini, kosa haliko ndani ya diski. Huenda mkono wa fundi uligusa kebo ya umeme au ukalegeza kipande cha kumbukumbu. Vifaa hivyo vichomolewe na kurudishwa barabara.

Iwapo skrini inafanya kazi lakini diski mpya hazionekani, huenda hazijaingia sawasawa au ni za aina isiyofaa. Diski ya aina ya SAS, kwa mfano, haiwezi kufanya kazi katika tundu la SATA, ingawa kadi nyingi za SAS hupokea diski za SATA.

Iwapo diski zinaonekana lakini seva inadai haina pa kuanzia, yapo mambo manne ya kuchunguzwa. La kwanza ni rahisi kiasi cha kusahaulika: flashi iliyoachwa kwenye tundu la USB, ambayo seva inajaribu kuanza nayo. La pili ni mpangilio wa kuwasha. Diski zinapobadilishwa, BIOS huweza kuiweka mbele diski isiyo na mfumo endeshi. Aidha, betri ndogo ya ubao mama, yenye umbo la sarafu, ikiwa imekufa, mipangilio yote hurejea ya kiwandani mara umeme unapokatwa. Mfumo uliowekwa kwa utaratibu wa UEFI hauwezi kuwaka kwa utaratibu wa kale, wala wa kale kwa ule mpya.

La tatu ni ukubwa wa diski. Jedwali la kale la kugawa diski, lililotumika tangu mwaka wa 1983, haliwezi kuhesabu zaidi ya takriban terabaiti 2. Mwenye seva kuukuu anayenunua diski ya terabaiti 4 huenda akajikuta na mashine isiyoweza kuwaka kutoka kwa diski hiyo.

La nne ndilo huwanasa hata mafundi wenye uzoefu, nalo linahitaji maelezo. Seva nyingi hutumia mpangilio uitwao RAID, ulioelezwa mwaka wa 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika RAID 1, diski mbili hubeba data ile ile, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Hata hivyo, pacha hao wanapoundwa kwa programu ya mfumo endeshi wenyewe, kama ifanyikavyo mara nyingi katika Linux, kinachonakiliwa kwa kawaida ni sehemu za data tu. Kianzio hubaki nje ya sehemu hizo.

Matokeo ni kwamba diski mpya hupokea kila rekodi lakini haipokei kianzio. Diski ya mwisho kuukuu inapoondolewa, huondoka nacho. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika zahanati ya mfano wetu. Tiba yake ni kuwasha seva kwa flashi ya uokoaji, kufungua mfumo uliomo kwenye diski mpya na kuweka upya kianzio katika diski zote mbili. Ni kazi isiyochukua muda mrefu kwa anayeijua.

Pengine seva huanza vyema kisha ikakwama katikati. Hapa huwa mfumo endeshi unaitafuta diski ya zamani kwa nambari yake ya utambulisho, ambayo haipo tena. Katika Linux nyingi za sasa, mfumo husubiri kwa sekunde 90 kisha hufungua ukurasa wa dharura. Kinachohitajika ni kusahihisha faili inayoorodhesha diski.

Hatari kubwa zaidi iko kwa seva zenye kadi maalumu ya kudhibiti RAID. Kadi hiyo ikikuta diski isizozitambua, au kadi yenyewe ikiwa imebadilishwa, huandika neno "Foreign", yaani ngeni, kisha hutoa chaguo la kuupokea mpangilio wa diski hizo au kuufuta. Anayechagua kufuta, au anayekubali "Initialize", anaiambia kadi ianze upya kana kwamba diski ni tupu. Rekodi zilizokuwa salama dakika moja iliyopita huingia hatarini.

Hali kadhalika, RAID 5, inayotumia diski tatu au zaidi, huvumilia kifo cha diski moja pekee. Anayechomoa ya pili kabla ya ya kwanza kujazwa huiangusha seva nzima. Kujaza diski si jambo la dakika chache. Diski ya terabaiti 4 inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde huhitaji zaidi ya saa 7, na seva inayoendelea kutumika huchukua muda mrefu zaidi.

Katika saa hizo umeme usikatike. Wakenya wanakumbuka Juni 7, 2016, tumbili mmoja alipoangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na taifa zima likakosa umeme. Kwa hivyo kifaa cha UPS kinafaa kuwapo na betri yake iwe imejaribiwa.

Isitoshe, afya ya diski inayobaki ikaguliwe kabla ya pacha wake kuchomolewa. Utafiti wa Google uliotolewa mwaka wa 2007, uliohusu zaidi ya diski 100,000, ulibaini kuwa diski ikionyesha kosa la kwanza la usomaji inapokaguliwa, uwezekano wa kufa kwake katika siku 60 zinazofuata huongezeka mara 39.

Na kama yote yameshindikana, diski kuukuu ingalipo. Katika RAID 1, diski iliyotolewa ikiwa nzima huweza kurejeshwa peke yake na kuiwasha seva ikiwa na rekodi za hadi dakika ilipochomolewa. Isichanganywe na mpya, la sivyo mfumo waweza kuichukua data ya zamani kuwa ndiyo sahihi. Diski inayotoa mlio wa kugonga nayo isiwashwe tena na tena, kwani kila jaribio huzidisha madhara. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kuokoa data.

Diski hizo kuukuu zisiuzwe wala kutupwa kabla ya kufutwa kikamilifu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na mwenye zahanati huwajibika kwazo.

Lakini funzo kuu ni kuwa RAID si akiba. Rekodi ikifutwa kwa bahati mbaya, hufutwa katika diski zote mbili papo hapo. Seva ikiibwa au jengo likiungua, pacha wote huenda pamoja. Nakala ya akiba ni ile iliyo nje ya seva, na ikiwezekana nje ya jengo, ambayo imewahi kurejeshwa kwa majaribio ikafunguka. Ile isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Fundi wa West Indies aliyeandika nambari kwenye diski zake na kuwa na nakala iliyojaribiwa anaweza kulala Jumamosi usiku na kuendelea na kazi Jumapili akiwa ametulia. Jumatatu, mgonjwa wa kwanza akitaja jina lake, faili itafunguka.